Ukungu wa Bure

Sehemu ya saba

Jumamosi iliyopita mliniacha ndani ya banda la ng'ombe la Bwana Schimmel, taa mkononi, nikihesabu watu kwa mara ya tatu, na hesabu ikikataa kukaa sawa.

Nilifundisha hesabu na kemia katika shule ya wilaya yetu kwa miaka thelathini na minne. Najua kuhesabu hadi tano.

Wa kwanza alikuwa mjukuu wangu Berit, mwongozaji wa filamu na mpiga picha wake pia, aliyelala kifudifudi juu ya saruji, jicho likiwa limeganda kwenye kamera. Wa pili alikuwa Duane Kowalke, juu ya ngazi, akishikilia taa kubwa. Wa tatu, Wendell, aliinua kinasa sauti alichokifunga kwenye fimbo ya kuvulia samaki. Wa nne alikuwa Peggy Zastrow, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuuawa. Alikuwa ameegemea nguzo, damu ya sharubati ya mahindi ikimchuruzika shingoni na nzi wakimfuata. Wa tano nilikuwa mimi.

Kundi letu zima lilikuwa watu watano. Na muuaji alikuwa amesimama mlangoni.

Kinyago chetu kilikuwa kimoja tu. Kilitengenezwa kwa mpira uliochemshwa jikoni kwa mama yake Wendell, na hakikuwa na mwenyewe: aliyekosa kazi saa hiyo ndiye aliyekivaa, akajitia koti refu la shambani, akaua. Duane alikuwa ameua wawili. Wendell alikuwa ameua mmoja. Peggy, kwa kuwa mikono ilikuwa michache, alikuwa amejinyonga mwenyewe akiwa amevikwa wigi. Alasiri ile kinyago na koti vilikuwa vikining'inia msumarini, katika chumba cha maziwa, vikimngoja Duane ashuke ngazini.

Sasa vilikuwa mlangoni, na ndani yake mlikuwa na mtu.

"Duane," Berit alinong'ona bila kuondoa jicho, "umempa nani kinyago?"

"Sijampa mtu. Nilidhani wewe ndiye uliyemleta."

"Nimleteje na mimi nimelala hapa kama nguruwe?"

"Basi ni nani huyo?"

"Sijui. Lakini mwone anavyotembea! Wewe ulikuwa unatembea kama mtu anayekwenda kuchukua bia."

Ni kweli alitembea vizuri. Alikuja taratibu, bega moja likiwa chini, akiburuza uma wa nyasi tulioupaka rangi ya fedha, na kila hatua yake ilionekana kubeba jambo la muda mrefu. Nywele za kisogoni zilinisimama. Nilikuwa nimeukata uma ule mwenyewe, kwa mbao, katika karakana yangu, na bado zilisimama.

"Wewe ni nani?" niliuliza kwa sauti.

Berit alinionyesha ngumi. Filamu za bei ndogo zina sheria mbili, na nilikuwa nimevunja moja. Ya kwanza ni kwamba kamera ikishaanza haisimamishwi. Ya pili ni kwamba hakuna anayeuliza maswali ya kipuuzi wakati sauti inanaswa.

"Wendell?"

"Sauti ipo."

"Peggy, rudi nyuma polepole. Lia. Usimtazame Duane! Tunakwenda!"

Kamera ikaanza kunguruma, na mkanda wa mwisho ukaanza kuliwa.

Mkanda ule ulikuwa na dakika mbili na sekunde arobaini. Hatukuwa na mwingine. Uwanja wa sinema ya magari, ambako watu hutazama filamu wakiwa ndani ya magari yao, ulikuwa ufunge milango baada ya majuma mawili, hadi theluji ipite mwezi wa Mei, na mwenye uwanja alikuwa amempa Berit onyesho la mwisho la msimu kwa sharti moja: filamu iwe na mwisho. Alikuwa na mauaji manne, mzimu mmoja, na hakuwa na mwisho. Mwisho ulikuwa ni huu. Tena Bwana Schimmel alituachia banda lake mpaka saa kumi na moja tu, wakati ng'ombe wanapoingia kukamuliwa.

Ndipo Peggy aliposahau kulia.

"Jamani," alisema, "ukungu!"

Kwa majuma matatu vijana hawa walikuwa wametafuta ukungu. Walijaribu barafu kavu, ikaisha kabla kamera haijawashwa. Walijaribu kuchoma majani mabichi, wakaja zimamoto. Walijaribu sufuria sita za maji ya moto, wakapata picha nzuri ya sufuria.

Sasa ukungu ulikuja wenyewe. Ulitoka chini ya mlango mdogo ulio mwisho wa banda, ule wa kuingilia mnara wa silaji, malisho ya ng'ombe yaliyochachishwa, ukatambaa sakafuni kama maziwa yaliyomwagika, ukafika vifundoni mwa muuaji.

"Wa bure!" Duane alisema kule juu, akasahau sheria zote. "Berit, ukungu wa bure!"

"Naona, naona! Mungu wangu, naona!"

Nami niliona. Ila nilikuwa na taa yangu mkononi, na taa yangu haikuwa imefunikwa kwa karatasi ya rangi.

Taa ya Duane ilikuwa imefunikwa kwa karatasi ya buluu. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa nailoni nyeusi, ili mchana ugeuke usiku; nailoni hiyo nilisaidia kuibandika kwa mikono yangu. Chini ya taa ya buluu ukungu ule ulikuwa mweupe, wa kupendeza. Niliposhusha taa yangu chini niliona rangi yake halisi, manjano iliyochanganyika na kahawia, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo sana. Kisha harufu ikanifikia, ile ya dawa ya kutakatishia mashuka.

Bwana Schimmel alikuwa amejaza mnara wake siku tatu kabla, mahindi mabichi yaliyokatwakatwa, mpaka juu.

Mtoto wa mfugaji hahitaji kuelezwa. Mahindi yakishajazwa huchacha, yakichacha hutoa gesi, gesi ni nzito kuliko hewa, hushuka, hutafuta mlango. Ndiyo maana Bwana Schimmel alikuwa ameacha mafeni yote yakizunguka na milango yote wazi kabla ya kwenda mnadani. Na ndiyo maana nilishikwa na baridi. Wendell aliyazima mafeni asubuhi ile kwa sababu yaliharibu sauti. Milango tuliifunga kwa ajili ya usiku wetu wa kutengeneza.

Duane huuza viatu. Peggy hufunga jibini kiwandani. Wendell ni wa posta. Berit peke yake alizaliwa shambani, na Berit alikuwa amelala kifudifudi akitazama dunia kupitia tundu la kamera.

"Simameni!" nilipaza sauti. "Tokeni nje wote! Hiyo ni gesi!"

Hakuna aliyetikisika.

Naomba mnielewe. Katika filamu ile nilikuwa na sehemu yangu. Nilikuwa mzee mlinzi wa kanisa anayewaonya vijana, nao hawamsikii. Wiki nzima Berit alikuwa amenisihi nionyeshe hofu, na wiki nzima nilikuwa nimeyatamka maneno yangu kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. Mpaka Wendell akasema kinasa sauti chake kilisinzia.

"Hapo hapo, Babu!" Berit alinong'ona, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Hatimaye! Endelea!"

"Siigizi, mtoto wewe! Ni gesi ya mnara! Inaua!"

"Vizuri mno! Rudia, kwa nguvu!"

"Mzee, unatutisha!" Peggy alilia, akizidisha machozi kwa sababu alidhani nataka kumpora nafasi yake mbele ya kamera.

"Ondokeni! Nawaambia kama mwalimu wenu!"

"Hilo la mwalimu liache," Berit alinong'ona, "tutalikata."

Muuaji alimpita Peggy bila kumgusa. Alionekana ghafla kuishiwa na nia. Aligeuza kichwa kuelekea kamera, akasita kama mtu aliyekutwa jikoni kwa jirani, kisha akaharakisha kwenda kwenye mlango mdogo wa mnara. Akaufungua. Ukungu ukammwagikia mpaka kiunoni. Akaingia.

Hatua tatu. Akashika ukuta. Akapiga magoti. Akalala.

"Lo!" Wendell alisema kwa heshima. "Huyo ameanguka kweli."

Na Berit, mjukuu wangu wa pekee, akaanza kutambaa kumfuata, kamera mbele, kidevu chake kikiupasua ukungu.

Nilikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mtu aliyelala mle ndani nisingeweza kumburuta peke yangu. Nilihitaji vijana wawili, na vijana wawili walikuwa wakinishangilia. Kila nilipopiga kelele zaidi ndivyo walivyonisadiki kidogo. Ni neno gani la ukweli ambalo lisingefaa kuwa ndani ya filamu ile?

Hapakuwa na neno. Nikainama, nikaishika kamera, nikavuta komeo la ubavuni, nikaufungua mfuniko wake chini ya mwanga wa taa. Nikatia vidole ndani, nikautoa mkanda konzi nzima.

Kelele iliyopigwa pale ilikuwa ya kweli kupita zote za filamu ile. Aliyeipiga alikuwa Duane.

"Mwalimu! Umefanya nini? Umeua filamu!"

"Sasa unanisikia?" nikamwambia. "Sasa unanisikia, Duane Kowalke? Shuka! Hiyo ni gesi ya silaji, na mle ndani kuna mtu anakufa. Wendell, mafeni! Peggy, fungua mlango mkubwa, ng'oa nailoni! Berit, simama, nje!"

Hakuna mwigizaji anayemharibia mwongozaji mkanda wake wa mwisho. Wakajua.

Duane alivuta pumzi mlangoni, akaishika mashavuni kama mtu anayepiga mbizi, akaingia. Akatoka mikono mitupu, uso mwekundu. Akavuta nyingine. Safari hii Wendell alikwenda naye. Walimburuta mtu yule kwa ukosi wa koti, visigino vikichora mistari sakafuni, wakapita nguzo ya Peggy, wakapita mashine za kukamulia, mpaka nje kwenye nyasi na jua la saa tisa. Nyuma yetu mafeni yakaanza kuvuma.

"Kivue kinyago," nilisema. "Upesi!"

Kilikuwa kimemganda. Berit alikikata kwa kisu cha mfukoni kuanzia kidevuni, akakifungua kama ganda la chungwa.

Akakaa chini palepale.

"Mama?"

Alikuwa binti yangu Solveig, ambaye hakuwa amesema neno na Berit tangu mwezi wa Julai.

Ugomvi wao mliusoma katika sehemu ya pili. Koti la muuaji lilikuwa la marehemu Harlan, mume wa Solveig, baba yake Berit. Berit alilichukua kwenye kabati bila kuomba. Solveig alisema mtu aliyemvisha maiti wa sinema koti la baba yake hana haja ya kuja kula mezani kwake. Wote wawili wana kichwa changu, kwa hiyo hakuna aliyerudi nyuma.

Solveig alikohoa, akatapika, akafungua macho. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya, kisha ikaanza kurudi. Peggy alikimbilia simu ya chumba cha maziwa. Alirudi akisema daktari anakuja, robo saa.

"Ulifuata nini humo?" nilimwuliza binti yangu, na labda niliuliza kwa ukali. Ukali ndio sauti niliyonayo.

"Nilifuata koti langu." Alipumua kwa shida. "Nilitaka kulichukua niondoke. Nikalikuta msumarini. Nikalinusa, Baba. Bado lina harufu yake. Nikalivaa. Halafu nikaona kile kinyago."

"Ukakivaa pia."

"Nilitaka kumtisha. Miezi miwili namkasirikia, nikaona nimtishe mara moja, basi." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Kisha nikaona kamera inanitazama, nikaona aibu. Nikataka kutokea mlango wa mnara. Ndani ya mpira ule huoni rangi wala husikii harufu, unanuka amonia tupu. Mimi, mke wa mfugaji! Harlan angenicheka mpaka Krismasi."

"Mama, ulitembea vizuri ajabu," Berit alisema. Machozi yalikuwa yakimdondoka, lakini ndicho alichosema.

"Nilitembea kama yeye. Hukumtambua?"

Berit aligusa ukosi wa koti. Alitambua, nilimwona akitambua.

Mimi nimeziita filamu hizi takataka mbele ya watu, na kwa ufasaha. Nikamwuliza Berit pale kwenye nyasi jambo ambalo ningepaswa kumwuliza miezi mitatu kabla.

"Watu wanapenda nini katika vitu hivi? Uzi wa kuning'inizia mzimu unaonekana. Damu ni sharubati. Hata mimi ninayejua uma ni wa mbao, nywele zilinisimama."

"Ndiyo hivyo, Babu. Unaona uzi na bado unaruka. Halafu aliyekaa karibu nawe anaruka, mnachekana, unarudi nyumbani u mzima. Ukiwa na hofu yako mwenyewe nyumbani hakuna wa kucheka naye." Akajifuta pua kwa mkono wenye rangi nyekundu. "Tena ndani yake mtu aliyekufa anarudi. Anarudi vibaya, anarudi na uma. Lakini anarudi."

Solveig alijiinua kwa kiwiko. Kisha akatoa mkono mmoja ndani ya koti, akamshika binti yake kifundo cha mkono.

"Una mwisho wa filamu?"

"Nilikuwa nao. Babu ameutoa kwa vidole."

"Mwingine unapatikana wapi?"

"Mjini Madison. Kijana mmoja wa televisheni ana mkanda wa akiba, alisema nikikwama nimfuate. Maili hamsini na mbili. Lakini gari langu lina taa zako, Duane, na betri ndiyo hivyo."

"Betri imekufa tangu jana," Duane alisema. "Hiyo ndiyo maiti pekee ya kweli tuliyonayo."

"Mkauchukue," Solveig alisema. "Kesho nitatembea tena. Si humo ndani. Katika karakana ya baba, milango wazi. Na koti ni langu, mimi ndiye nitakayelivaa."

Wote wakanitazama, kwa maana gari lililobaki lilikuwa langu.

Gari lile nililinunua jipya, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kushika usukani wake isipokuwa mimi. Solveig alijifunzia kuendesha kwenye trekta. Nilimwangalia mjukuu wangu, tope magotini, nywele zimeshikana kwa sharubati, aliyeamka saa kumi alfajiri siku ishirini na tatu mfululizo bila mtu kumwamuru. Niliwahi kuwa na wanafunzi elfu mbili. Wa namna hiyo walikuwa wachache.

"Usipite maili hamsini na tano kwa saa," nilisema, nikampa funguo.

Alinibusu shavuni, akaniachia alama nyekundu. Akakimbia. Kabla ya kuingia garini alisimama, akaegemea mlango, akakohoa mara mbili.

"Vumbi la majani!" alipiga kelele, akipunga mkono.

Daktari Prokop alifika dakika saba baadaye. Ni mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alipiga magoti, akamsikiliza Solveig kifuani, mgongoni, tena kifuani.

"Huyu anakwenda hospitali sasa hivi."

"Najisikia vizuri," Solveig alisema.

"Wote hujisikia vizuri. Gesi hii haina haraka. Mtu anakohoa kidogo, anatembea, anakula chakula cha jioni. Baada ya saa kadhaa mapafu yanajaa maji, na hapo hana muda wa kuita mtu." Akatugeukia. "Nani mwingine aliyeivuta?"

Kemia niliyofundisha iliishia kwenye chupa. Haikuwahi kufika kwenye mapafu ya mtu.

"Sisi tulizuia pumzi," Duane alisema, mkono kifuani. "Kidogo tu labda."

"Nanyi mtakwenda. Gesi hii hukaa chini, mnajua. Aliyesimama hupata kidogo. Kuna yeyote aliyekuwa sakafuni?"

Wendell alitazama viatu vyake. Peggy alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu Aamodt," daktari alisema, "nimeuliza swali. Yuko wapi huyo mtu?"

Solveig aliinuka kwenye nyasi, koti likimwanguka begani, akatazama huku na huku akimtafuta binti yake. Nami nikatazama njia ya changarawe iendayo barabara kuu. Vumbi la gari langu lilikuwa limekwisha kutua.